Ulimi Umechoka, au Kipimo Ndicho Kinachopotosha? Utatuzi wa matatizo ya kupima ustahimilivu wa ulimi

Mama mmoja wa Majengo alinijia saa nne asubuhi akisema ulimi wake "walala" akisoma Kurani. Nikampima. Nguvu ilikuwa kilopaskali 52 (kilopaskali ni kizio cha msukumo), na nusu ya nguvu hiyo aliishikilia kwa sekunde 31. Nikamwambia ulimi wake mzima. Akanitazama kidogo, kisha akasema kwa upole: "Mwanangu, asubuhi nanena kama wewe. Nisikize baada ya alasiri."

Alirudi siku ya tatu, saa kumi na moja jioni. Mara ya kwanza alisukuma 44, mara ya pili 33, mara ya tatu 22. Kifaa kilikuwa kile kile na mpimaji yule yule. Kilichobadilika ni saa, na saa ndiyo sikumuuliza.

Tangu siku hiyo naweka daftari la makosa ya kupima ulimi, yangu na ya wenzangu katika tiba ya usemi na umezaji hapa Mombasa. Haya ni ya daftari hilo. Yatamfaa mtabibu, muuguzi wa wodi, na pia mtu anayemuuguza mzazi wake nyumbani baada ya kiharusi. Nimeyapanga kwa dalili unayoiona mbele yako, kwa sababu mgonjwa haji na jina la ugonjwa. Anakuja na dalili.

Kwanza, tusichanganye mambo matatu

Nguvu ni msukumo mkubwa kabisa ambao ulimi unaweza kuutoa kwa mara moja. Ustahimilivu ni muda ambao ulimi unaweza kushikilia sehemu ya nguvu hiyo. Uchovu ni jinsi uwezo unavyopungua kadiri kazi inavyoendelea, na unavyorudi au usivyorudi baada ya kupumzika. Kwa hiyo uchovu hauonekani katika namba moja. Unahitaji namba mbili walau, na pumziko katikati yake.

Vifaa vingi vya kupimia, kama kile kijulikanacho kwa jina la IOPI kilichobuniwa Iowa, Marekani, vinafanya kazi kwa njia moja: kipira kidogo chenye hewa kinawekwa juu ya ulimi, nyuma tu ya meno ya mbele ya juu, mgonjwa anakibana kwenye kaakaa gumu kwa ulimi, mrija unapeleka msukumo wa hewa kwenye mashine, mashine inaonyesha kilopaskali. Kwa nguvu, mgonjwa hubana mara tatu, akipumzika nusu dakika hadi dakika nzima kati ya mara moja na nyingine, na tunachukua namba kubwa kuliko zote. Kwa ustahimilivu, tunagawa namba hiyo kwa mbili, tunaiweka kama shabaha, kisha tunahesabu sekunde hadi mgonjwa ashindwe kuishikilia.

Mtu mzima mwenye afya kwa kawaida husukuma kati ya 40 na 80, na nguvu hupungua umri ukisonga, hasa baada ya miaka 60. Wajapani, katika vigezo vyao vya mwaka 2016 vya kudhoofika kwa kinywa cha wazee, waliweka mstari kwenye 30: chini ya hapo, ulimi huhesabiwa kuwa dhaifu. Mstari wa namna hiyo kwa sekunde ni mgumu kuuchora. Watu wenye afya hutofautiana sana, mmoja akaachia baada ya sekunde 12 na mwenzake akapita 50, wote wakila wali na kuzungumza bila shida yoyote. Ndiyo maana ninasisitiza kumlinganisha mtu na nafsi yake kabla ya kumlinganisha na jirani yake.

Dalili: mgonjwa dhaifu anashikilia muda mrefu ajabu

Hili ndilo kosa linalowafurahisha jamaa na kumpotosha mtabibu. Babu amepata kiharusi miezi miwili iliyopita, anapaliwa na chai, maneno yake yamelegea. Unampima: nguvu 18. Ustahimilivu: sekunde 70. Binti yake anashukuru Mungu, na wewe unaandika kwenye faili "ustahimilivu mzuri".

Rudi kwenye hesabu. Nusu ya 18 ni 9. Kushikilia 9 ni kazi ndogo sana, karibu ulimi kujilaza tu kwenye kipira. Kama nguvu yake ya kweli ni 36, basi ulipaswa kumpa shabaha ya 18, na huenda angeachia baada ya sekunde kumi. Namba ya nguvu ikiwa ya uongo, namba ya ustahimilivu inarithi uongo huo, tena kwa kuugeuza: nguvu ikionekana ndogo kuliko ilivyo, muda unaonekana mrefu kuliko ulivyo.

Kwa nini alisukuma 18 tu? Chunguza haya kwa utaratibu.

Huenda hakuelewa. Neno "bana" kwa wengi linahusu meno au mkono. Nimeona wazee wakikibana kipira kwa midomo. Mimi husema: "Babu, fanya kama unaponda tende laini juu ya kaakaa, bila kutumia meno." Tende inaeleweka Mji wa Kale na inaeleweka Kisauni. Mwenye kiharusi kilichogusa lugha huenda asielewe hata hivyo; mwonyeshe kwa mdomo wako mwenyewe, na mpe majaribio mawili yasiyohesabiwa.

Huenda anaogopa. Kitu kigeni mdomoni, mrija unaning'inia, na jamaa watatu wamesimama wanatazama. Waombe jamaa wakae barazani. Mwonyeshe kwamba mrija umeushika wewe na kipira hakiwezi kumezwa. Mtu anayehofu kupaliwa hawezi kukupa nguvu zake zote.

Huenda kipira kimekaa upande wa ulimi uliopooza. Mwambie atoe ulimi nje: ncha ikielekea upande mmoja, upande huo ndio dhaifu. Kipira kikae katikati, na usikiache kiteleze kwenda upande wowote.

Tiba ya tatizo hili lote ni moja: usianze kupima muda hadi namba mbili kubwa kati ya tatu ziwe zinakaribiana. Mimi natumia tofauti ya kilopaskali 5. Zikitofautiana zaidi, tunapumzika na kurudia, na nikiona hazikaribiani hata baada ya kurudia, siandiki muda kabisa siku hiyo. Na kila ninapoandika sekunde, naandika shabaha pembeni yake. "Sekunde 70" peke yake haina maana. "Sekunde 70 kwa shabaha ya 9" inaeleza yote.

Dalili: mtu mwenye nguvu anaachia mapema

Huu ni upande wa pili wa hesabu ile ile. Kijana mpakiaji wa bandarini anasukuma 74, kisha anashikilia 37 kwa sekunde 11. Usimpeleke kwa daktari wa neva. Thelathini na saba ni mzigo mkubwa. Kuna wazee wazima ambao hiyo inakaribia nguvu yao yote. Msuli unaobana kwa nguvu na kwa mfululizo unaikamua mishipa yake ya damu, na kadiri mzigo unavyokuwa mkubwa ndivyo damu safi inavyopata tabu kuingia. Isitoshe, sehemu ya mbele ya ulimi, ambayo ndiyo tunayoipima, ina nyuzi nyingi za misuli za kasi. Kitako cha ulimi kina nyuzi nyingi zaidi za polepole zinazovumilia. Ncha imeumbwa kwa wepesi wa kutamka na kuokota chembe za chakula kwenye meno.

Kama unataka kujua kweli, mpe shabaha ya kilopaskali ile ile uliyompa mtu mwingine wa umri wake, uone. Lakini mara nyingi jibu ni kumuuliza: "Ukila au ukizungumza, ulimi wako huchoka?" Akisema hapana, mwache aende zake kazini.

Dalili: wapimaji wawili, majibu mawili

Asubuhi mwenzangu amepata sekunde 24, nami nikapata 15 kwa mgonjwa yule yule. Tulipokaa kulijadili, tukagundua kwamba yeye alisimamisha saa mgonjwa alipoachia kabisa, nami nilisimamisha namba ilipogusa chini ya shabaha mara ya kwanza tu. Ulimi hautulii kama jiwe. Namba hupanda na kushuka kidogo muda wote. Lazima kuwe na kanuni ya kuacha. Yetu sasa ni hii: namba ikikaa chini ya shabaha kwa zaidi ya sekunde 2, muda umekwisha, na sekunde hizo mbili hazihesabiwi. Sisemi kanuni yetu ndiyo bora. Nasema iandikwe ukutani na isibadilike kati ya mpimaji na mpimaji, wala kati ya Januari na Juni.

Jambo la pili ni maneno. Mpimaji mmoja anakaa kimya, mwingine anahimiza, "Endelea, endelea, usiachie, bado kidogo!" Himizo huongeza sekunde. Himiza wote au usihimize yeyote.

Dalili: namba inashuka hata mgonjwa hajaachia

Kabla ya kumshuku mgonjwa, shuku hewa. Toa kipira mdomoni, kibane kati ya vidole viwili kwa msukumo wa wastani, ukishikilie hivyo sekunde kumi. Namba ikishuka polepole huku vidole vyako havijalegea, hewa inavuja: ama kipira kimetoboka, ama mrija haukukazwa vizuri kwenye kiungo. Kichovye kwenye glasi ya maji na ukibane tena. Mapovu yatakuonyesha mahali.

Namba isiporudi kwenye sifuri unapokiachia, tazama kama mrija umekunjika au umeingia mate. Vipira hivi kila mgonjwa huwa na chake, na kukiosha kipira ili kimfae mgonjwa mwingine ni hatari ya maambukizi, bei iwe kubwa namna gani. Najua jinsi vinavyopatikana kwa taabu hapa kwetu. Hata hivyo, heri kutumia kijiti cha mbao, ambacho nitakieleza mbele, kuliko kumpa mgonjwa ugonjwa wa mwenzake.

Dalili: namba kubwa, lakini mashavu yamevimba

Weka ncha za vidole vyako taratibu juu ya pembe za taya la mgonjwa anapobana. Ukihisi msuli umefura na kuwa mgumu, anasaidiwa na taya. Anauma, na taya linalopanda linausukuma ulimi juu pamoja nalo. Mwambie meno yaguse mrija kwa wepesi tu, kama mtu aliyeshika uzi wa kushonea. Wasusi wa mikeka na mafundi wa kofia wanaelewa mfano huu mara moja, maana uzi mdomoni ndio maisha yao.

Mashavu yakijaa upepo, basi anapuliza. Mwambie apumue kwa pua muda wote. Anayeziba pumzi wakati wa kupima ustahimilivu ataachia kwa sababu ya kukosa hewa, na wewe utaandika kwamba ulimi ndio uliochoka. Hili nimeliona sana kwa wenye mafua na wenye pumu. Pua ikiwa imeziba, ahirisha.

Dalili: anaachia akikunja uso

Muulize kama inauma, kisha washa tochi ya simu uangalie mdomoni. Vidonda, utando mweupe wa kuvu, ulimi mwekundu uliolainika kwa upungufu wa damu au wa vitamini B12, na majeraha ya meno ya bandia yasiyokaa vizuri: vyote hivi humfanya mtu aachie kabla msuli haujachoka. Kwa wale ambao tambuu na popoo ni uraibu wa miaka mingi, angalia pia kama mdomo unafunguka vizuri. Popoo hukakamaza ngozi ya ndani ya mashavu polepole hadi mdomo ukawa mgumu kufunguka, na mahali penye doa jeupe, doa jekundu au kidonda kisichopona kwa wiki mbili au tatu panahitaji kuonwa na daktari wa kinywa bila kuchelewa. Hapo kipimo cha ustahimilivu si cha haraka tena.

Meno ya bandia: amua kama unampima nayo au bila nayo, uandike, na usibadilishe. Sahani ya meno ya juu inafunika kaakaa na kubadilisha nafasi yote ambayo ulimi unaitumia.

Dalili: mdomo mkavu, kipira kinanata au kinateleza

Mate yakiwa machache kipira hunata. Yakizidi huteleza kama samaki. Kwa mate mengi, mgonjwa ameze au apanguswe kabla ya kila jaribio. Kwa mdomo mkavu, funda moja la maji linatosha. Dawa nyingi hukausha mdomo, na mionzi ya saratani ya kichwa na shingo huukausha zaidi, mara nyingi kwa miaka, pamoja na kuikakamaza misuli yenyewe.

Ramadhani inastahili maneno yake. Nusu ya wagonjwa wangu hufunga, na namba za saa tisa alasiri katika mwezi huo huzilinganishi na namba za Shaabani. Mdomo mkavu, usingizi mfupi, tumbo tupu. Anayefunga anaweza kusukutua na kutema ili kipira kisinate, lakini ukavu wa mwili wote hausukutuliki. Ikiwezekana, mpime siku zile zile za kawaida kabla ya mwezi na baada ya Idi. Ikibidi kupima ndani ya mwezi, pima asubuhi mapema na uandike "amefunga" mbele ya namba. Mgonjwa anayetumia dawa za mchana kwa misuli au kwa Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaotetemesha na kukakamaza mwili, azungumze na daktari wake kabla ya kufunga. Ruhusa ya mgonjwa imo katika Kurani yenyewe, na nimewaona wazee wakiteseka kwa kutojua kwamba hakuna aliyewataka wajidhuru.

Na joto. Mwezi wa Machi, kabla mvua za masika hazijaanguka, mtu aliyesimama kwenye feri ya Likoni kisha akapanda matatu iliyojaa anafika kwako akiwa amechoka mwili mzima. Mpe kiti, feni na maji, robo saa nzima, kabla hujamwekea chochote mdomoni.

Dalili: namba zinapanda jaribio hadi jaribio

Anajifunza. Mpe majaribio ya mazoezi kwanza. Hakuna zaidi ya hapo.

Dalili: nguvu inaporomoka jaribio hadi jaribio

Sasa tumefika kwa yule mama wa Majengo. Umehakikisha hakuna hewa inayovuja, hakuna maumivu, ameelewa, amepumzika, na bado 44 inakuwa 33, kisha 22. Hapa ndipo uchovu wa kweli unapozungumza, na hatua inayofuata si kumpima mara ya nne. Ni kumwacha.

Mpe dakika kumi za kukaa kimya, asinene, asile. Kisha mpime mara moja tu. Akirudi karibu na alipoanzia, umepata jambo kubwa: msuli wenyewe una nguvu, lakini amri inapungukia njiani inaporudiwarudiwa. Miastenia gravisi hufanya hivyo. Kinga ya mwili hushambulia vipokezi vilivyo kwenye makutano ya neva na msuli, na kila amri mpya inakuta vipokezi vilivyobaki havitoshi. Asubuhi mtu huwa bora, jioni huwa mbaya. Pumziko humrudisha, na joto humzidishia. Muulize kama kope hushuka jioni, kama huona vitu viwili viwili, kama taya huchoka akitafuna nyama, kama sauti hugeuka ya puani anapozungumza kwa muda. Yule mama alikuwa na kope zinazoshuka kwa miaka miwili, na watu wa nyumbani walidhani ni usingizi.

Asiporudi baada ya pumziko, fikiria upande mwingine. Huenda msuli wenyewe au neva yake imepungua. Mwambie afungue mdomo na kuuacha ulimi ulale chini bila kuutoa nje, kisha utazame kwa subira. Mitetemo midogo chini ya ngozi ya ulimi, kama kitu kinachotambaa, pamoja na kunywea kwa ukingo wake, huashiria tatizo la neva ya 12, ile inayoamrisha karibu misuli yote ya ulimi, au ugonjwa wa nyuroni za mwendo, yaani seli za neva zinazoamrisha misuli. Nimesisitiza ulimi uwe ndani kwa sababu ulimi uliotolewa nje hutetemeka hata kwa mtu mzima, na wanafunzi wengi hutishika bure.

Mwenye Parkinson ana kawaida yake: namba hufuata saa ya dawa. Saa moja baada ya kidonge yuko juu. Kidonge kinapokaribia kwisha anashuka. Mwenye miastenia anayetumia piridostigmini ni vivyo hivyo. Kwa wote wawili andika saa ya kipimo na saa ya kidonge cha mwisho. Usimwambie yeyote aache dawa ili upate namba "safi". Namba haina thamani ya mtu kushindwa kumeza mate yake.

Na uliza dawa mpya. Mtu ambaye hajui kuwa ana miastenia anaweza kuzidiwa baada ya kupewa antibayotiki kama siprofloksasini au jentamisini. Mara nyingi jamaa husema, "Alikuwa mzima, alipewa tu dawa ya homa ya mkojo." Sentensi hiyo iandike kama ilivyo na umpelekee daktari.

Dalili: kwenye kifaa yuko sawa, mezani anachoka

Amini meza. Kipimo cha sekunde thelathini hakiwezi kumeza chakula cha nusu saa. Hata watu wenye afya hupungukiwa kidogo na nguvu na ustahimilivu wa ulimi mwishoni mwa mlo. Kwa mgonjwa upungufu huo ndio unaomfanya apaliwe na tonge la mwisho, si la kwanza.

Kwa hiyo pima kabla na baada ya mlo wa kweli. Mwambie jamaa alete kile anachokula nyumbani: mahamri na mbaazi, au wali na samaki. Nguvu kwanza, kisha ale kwa kasi yake, kisha nguvu tena ndani ya dakika mbili tatu. Njiani hesabu: ni tonge la ngapi anapoanza kukohoa, ni lini chakula kinabaki shavuni, ni lini anaanza kumeza mara mbili kwa tonge moja. Kwa mgonjwa aliyesakamwa hapo awali, au anayekohoa kwa maji, usifanye hivi nyumbani. Afanyiwe mahali penye mtu aliyesomea umezaji na mashine ya kunyonya mate. Mtindo huu wa kupima mlo umenifundisha zaidi kuliko namba zote za kilopaskali nilizowahi kuandika.

Huna kifaa

Wengi hatuna. Chukua kijiti cha mbao kile cha daktari, kishike wima mbele ya midomo, mwambie mgonjwa akisukume kwa ncha ya ulimi, na wewe ukizuie kwa mkono ule ule kila siku. Hesabu sekunde hadi ulimi uanze kurudi nyuma. Fanya mara tatu, kisha mpumzishe, kisha mara moja. Namba zako hazitalingana na za mtu mwingine, lakini zitalingana na zako za jana, na uchovu huonekana hivyo hivyo.

Kisha tumia masikio. Mrekodi kwa simu akihesabu moja hadi hamsini bila kusimama, mara baada ya sala ya asubuhi, na tena kabla ya isha. Sikiliza "tatu", "tano", "sita", "saba" za mwanzo na za mwisho. Lahaja yetu ya Kimvita ina t mbili, moja ya ulimi kwenye meno na moja ya ulimi nyuma kidogo kwenye ufizi. Mzee wa Kimvita anapochoka ncha ya ulimi, tofauti hiyo ndiyo ninayoitegea sikio kwanza, maana inadai ulimi kufika mahali sahihi kabisa. Kisha "pa-ta-ka, pa-ta-ka" kwa sekunde kumi: pa ni ya midomo, ta ya ncha, ka ya kitako cha ulimi. Ikizama ta peke yake, au ka peke yake, umejua sehemu ya ulimi iliyochoka. Na "wale wale wa Liwale hula wali wa Liwale" ni mtihani ambao hakuna bibi atakayeukataa. Hapo ulimi unapanda na kushuka kwenye l bila kupumzika.

Usipime, mpeleke

Anayeshindwa kumeza mate na udenda ukamtoka. Anayepumua kwa shida akilala chali. Aliyelegea uso, mkono au maneno kwa ghafla, hata kama dalili zimepungua anapokufikia. Mwenye miastenia ambaye sauti yake imezidi kufifia tangu jana. Hawa wote ni wa dharura siku hiyo hiyo, usiku uwe usiku, Hospitali Kuu ya Pwani au hospitali yoyote iliyo karibu yenye oksijeni na daktari. Barua fupi inatosha, nayo iseme mambo manne: alianza lini, huwa mbaya saa ngapi, pumziko humrudisha au la, na dawa zote anazotumia.

Barua ya yule mama wa Majengo ilikuwa na mistari mitano na zile namba tatu, 44, 33 na 22, kila moja na saa yake.